Shamba la Hombolo na mwekezaji wa "bangi ya dawa"

Swali limetoka kwa msomaji wa Nkuhungu, Dodoma. Nimelifupisha kidogo:

"Habari za kazi, mfamasia. Marehemu baba alituachia ekari nane Hombolo. Wiki mbili zilizopita dalali alituletea mtu mwenye wenzake nje ya nchi. Wanataka kukodi shamba miaka kumi walime bangi ya dawa, halafu wafungue kituo cha kuuza mafuta yake hapa mjini. Anasema kibali cha jiji kiko njiani, na barua ametuonyesha. Mdogo wangu aliyeko California anasema tusiogope, huko anakoishi baraza la mji ndilo lililokaa likapiga kura maduka yafunguliwe. Mtaani tumegawanyika. Mwenyekiti anazungumzia ajira, shehe na mchungaji kwa mara ya kwanza wamekubaliana jambo, kwamba hapana. Mimi mama yangu anaugua saratani ya shingo ya kizazi. Akitoka kwenye dripu ya dawa anatapika siku tatu, na usiku maumivu hayamwachi alale. Nimesoma kwamba bangi inasaidia. Je, jiji lina uwezo wa kuruhusu biashara hii? Na kama ni dawa kweli, mbona tunanyimwa?"

Dada yangu, pole kwa kuuguza. Kwa mama nitafika, ila niruhusu nianze na shamba, maana huko ndiko unakoweza kuumia kabla mwezi haujaisha. Usisaini chochote. Na kama dalali ameshakuachia kishika uchumba, mrudishie mbele ya mashahidi, muandikishiane kwamba amepokea.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inahesabu kulima bangi kuwa kosa la jinai, na tunazungumzia kifungo cha miaka 30. Wala haimtazami aliyeshika jembe peke yake. Mwenye ardhi, au anayeisimamia, akiruhusu itumike kwa kilimo hicho naye yumo. Siku magari ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya yakiingia Hombolo, mwekezaji atakuwa na pasipoti na tiketi. Wewe utakuwa na shamba lenye jina la marehemu baba yako na mkataba wenye sahihi yako. Kuongeza "ya dawa" nyuma ya neno bangi hakubadilishi mche. Ni ule ule ambao vijiweni wanauita msuba, ndumu au majani, na mkemia wa serikali akiupima atakuta kile kile.

Ile barua aliyokuonyesha, isome tena kichwani na miguuni. Nimeshaletewa "vibali" vya namna hii zaidi ya kimoja, na mara nyingi huwa ni barua ya maombi tu aliyoandika mwombaji mwenyewe, imegongwa muhuri wa masjala. Muhuri wa masjala unasema barua imefika na tarehe iliyofika. Hausemi imekubaliwa. Mtu wa kawaida akiona duara la buluu na nembo ya halmashauri moyo unatulia, na matapeli wanalijua hilo. Simwiti mgeni wako tapeli, simjui. Ninachosema ni kwamba hata awe mkweli kama maji ya kisima, anachoomba hakipo mikononi mwa anayemwomba.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Halmashauri ya Jiji la Dodoma ina mamlaka mengi. Inatoa leseni za biashara na vibali vya ujenzi, inapanga wapi pawe gereji na wapi pawe baa, inatunga sheria ndogo za taka, za masoko na za mifugo. Lakini sheria ndogo haiwezi kuruhusu kilichokatazwa na sheria ya Bunge. Madiwani wa kata zote wakinyoosha mikono juu, azimio lao litakuwa karatasi. Na huyo ofisa biashara atakayetoa leseni ya duka la mafuta ya bangi atakuwa amejitafutia kesi yake mwenyewe, maana kuuza dawa nako kuna wenyewe: Baraza la Famasi kwa jengo na mtaalamu wake, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa dawa yenyewe. Jiji linakuja mwisho kabisa kwenye foleni hiyo.

Mdogo wako hakukudanganya. Amefika harusini watu wanakata keki. Posa na mahari vilipita hayupo. California wapiga kura wa jimbo lote waliamua mwaka 1996, kwa kura iliyoitwa Pendekezo Na. 215, kwamba mgonjwa mwenye ushauri wa daktari asishtakiwe na jimbo kwa kutumia bangi. Baada ya hapo ndipo miji ikaanza kubishana: duka likae mita ngapi kutoka shuleni, yawe mangapi, yafungwe saa ngapi, harufu ya ghala iishie wapi, kodi iwe kiasi gani. Mwaka 2013 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikasema mji unaweza hata kukataa kabisa, na iko iliyokataa. Kwa hiyo kikao alichokiona cha baraza la mji kilikuwa halali na cha maana, lakini kilikuwa juu ya mlango uliokwisha kufunguliwa na jimbo. Hata hivyo sheria ya taifa la Marekani haikufutwa na kura ile, ndiyo maana kwa miaka mingi mabenki makubwa yalikwepa fedha za maduka hayo na wenye maduka wakawa wanabeba noti kwenye mabegi.

Kwetu posa haijapelekwa. Na nyumba ya kuipeleka iko karibu mno na wewe, kutoka Nkuhungu ni nauli ya daladala tu: Bunge. Wabunge wamewahi kusimama ukumbini humo wakitaka bangi iruhusiwe kwa biashara na kwa dawa, wenzao wakacheka, wengine wakagonga meza, serikali ikajibu kwamba katazo liko palepale. Hiyo ndiyo hatua tuliyopo. Mkutano wenu wa mtaa una haki ya kujadili, na mjadala ni mzuri, lakini mnagombania ufunguo ambao hakuna kati yenu aliyenao.

Kuna kitu kilichotumwa sana kwenye makundi ya WhatsApp, nadhani na kwako kilifika, kwamba "Umoja wa Mataifa umeruhusu bangi". Kilichotokea ni hiki. Tarehe 2 Desemba 2020, Kamisheni ya Dawa za Kulevya ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura kuiondoa bangi kwenye lile jedwali kali kuliko yote la Mkataba wa mwaka 1961, jedwali la vitu vilivyoonekana vina madhara makubwa na faida ndogo ya tiba. Kura zilikuwa 27 kwa 25. Ilipoondolewa humo ilibaki kwenye jedwali la kwanza, pamoja na mofini. Kwa Kiswahili cha kaunta: kutoka "hatari isiyo na kazi" kwenda "hatari yenye kazi, isimamiwe kwa kufuli". Ni mabadiliko makubwa kwa watafiti. Kwa mwenye ekari nane Hombolo hayabadilishi kitu.

Mkataba huohuo una masharti ambayo wenye mabango ya "dhahabu ya kijani" hawayataji. Nchi ikiamua kuruhusu kilimo cha bangi kwa dawa, lazima iwe na chombo cha serikali kinachotoa leseni, kinachoteua maeneo, na kinachopokea mavuno yote ya mkulima ndani ya miezi minne baada ya kuvuna. Wakulima wa korosho wa kule Mtwara wanaijua stakabadhi ghalani. Hii ni stakabadhi ghalani yenye askari. Mkulima hana gunia la kubakiza stoo akisubiri bei ipande.

Nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa mmoja, si wenu, ambako hoja hii ilichomoza ghafla katikati ya ajenda ya mitaro. Kijana aliyevaa vizuri alizungumza kwa dakika ishirini juu ya mapato. Mzee mmoja wa Kigogo, fimbo katikati ya magoti, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja: "Maji?" Watu wakacheka, lakini yule kijana hakuwa na jibu. Bangi inayonunuliwa na viwanda vya dawa haioti kama ile ya porini. Mara nyingi inalimwa kwenye vitalu nyumba, kila mche umwagiliwe kwa kipimo, kila zao lipimwe lisiwe na viuatilifu, ukungu wala madini mazito. Dodoma tunapata mvua ya msimu mmoja, kama milimita 570 kwa mwaka ukibahatika, na jiji lenyewe limetegemea visima vya bonde la Makutupora tangu enzi za Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Wewe mwenyewe unaijua ratiba ya mgao wa maji Nkuhungu. Bwawa la Hombolo lipo, lakini lina wenyewe: wavuvi, wakulima wa mbogamboga, na mifugo.

Mzee yule alikuwa na shamba la zabibu, na nadhani alichouliza kilitoka huko. Wakulima wa zabibu wa Dodoma wanajua maana ya zao lenye wanunuzi wachache. Zabibu haikai. Ikiiva, aidha kiwanda kinaichukua wiki hiyo au nzi wanaichukua, na anayepanga bei ni yule mwenye tangi. Lakini zabibu iliyokosa mnunuzi bado ina pa kwenda; utakausha, utakamua juisi, utauza kwa ndoo barabarani. Bangi iliyokosa mnunuzi inageuka kielelezo mahakamani. Mwekezaji akifilisika mwaka wa tatu, ekari zako nane zitakuwa zimesimama na kitu usichoruhusiwa kuuza, kula, wala kuhifadhi, na hata kukiteketeza itabidi usimamiwe.

Tazama majirani waliotangulia. Lesotho ilitoa leseni za kwanza barani Afrika mwaka 2017, ikafuatiwa na Zimbabwe mwaka 2018. Malawi ilipitisha sheria yake mwaka 2020. Lesotho kampuni moja ilifikia viwango vya utengenezaji dawa vya Ulaya mwaka 2021, na hilo si jambo dogo. Lakini wanakijiji wa milimani, waliolima bangi vizazi na vizazi, wengi walibaki nje ya uzio, kwa sababu leseni na masharti yake vilikuwa vya mtu mwenye mtaji wa kampuni. Rwanda baraza la mawaziri liliridhia mwaka 2020 ilimwe kwa ajili ya kuuza nje: uzio, kamera, minara ya ulinzi, taa usiku kucha. Mnyarwanda wa kawaida akikutwa nayo mfukoni, bado ni kosa.

Hapo kwa Rwanda ndipo ninapokwama, na nitakuambia wazi msimamo wangu. Nchi nyingi za Afrika zimeanzia shambani. Mgonjwa wa Hamburg anafikiriwa kwanza, mgonjwa wa Kigali baadaye, ikibidi. Mimi ningetaka tuanzie wodini. Kama iko dawa iliyothibitishwa kwa ugonjwa fulani, wataalamu wa TMDA waipime, wasajili ile chupa, daktari bingwa aiandike, rejesta iisimamie, hata kama imetengenezwa nje. Tukishajua wagonjwa wetu ni wangapi na wanahitaji nini, ndipo tuzungumze kama kuna haja ya ekari hata moja. Wanaosema bangi yote ni shetani sikubaliani nao. Wanaosema ni tiba ya kila kitu sikubaliani nao zaidi, kwa sababu hao wanauza.

Je, ni dawa? Ndani ya mmea huo kuna viambata vingi, lakini viwili ndivyo vinavyotajwa sana. THC ndicho kinacholewesha. Kanabidioli, wanayoiandika CBD, haileweshi kwa namna hiyo. Dawa zilizopita majaribio ya kweli ni chache, na kila moja ina kazi yake nyembamba. Mojawapo ya za zamani ni dronabinoli, THC ya kutengenezwa maabara, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani ambao dawa za kawaida zimeshindwa. Nabiloni ni ndugu yake. Sativex, ya kupulizia mdomoni, iliidhinishwa Uingereza mwaka 2010 kwa ukakamavu wa misuli wa ugonjwa mmoja wa neva ambao hapa kwetu ni nadra. Na Epidiolex, kanabidioli safi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto, baadaye ikaongezwa ya tatu. Kwa maumivu ya muda mrefu ushahidi upo lakini ni mwembamba, unafuu wenyewe mdogo. Kwa kuponya saratani, kuifuta kabisa kama wanavyotangaza kwenye video, hakuna dawa ya bangi iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo popote.

Sasa swali lako, mbona tunanyimwa. Kwa Epidiolex, kizuizi cha kwanza wala si polisi. Ilipoingia sokoni Marekani bei yake ilikuwa zaidi ya dola 30,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Familia nyingi za mkoa huu zinahangaika na fenobarbitali, dawa ya kifafa ambayo ni ya bei ya chini kabisa na wakati mwingine nayo haipo dukani. Ukinipa fungu la fedha leo kwa ajili ya watoto wenye kifafa wa Kongwa na Mpwapwa, ningejaza fenobarbitali na kabamazepini kwenye kila zahanati kabla sijaagiza chupa moja ya kanabidioli.

Nasema hivyo kwa sababu ya mama mmoja. Alikuja kaunta na kichupa cha kioo cheusi, cha matone, kirefu kama kidole cha kati. Alikuwa ameletewa na jamaa kutoka nje kwa ajili ya mwanawe wa miaka sita. Nikakigeuza kwenye mwanga. Jani la kijani limechorwa vizuri. Imeandikwa miligramu 1,000, lakini haisemi ni miligramu ngapi kwa kila tone. Hakuna namba ya toleo. Hakuna jina la kiwanda, ila anwani ya tovuti. Tarehe ya kuisha imebandikwa kwa stika, na chini ya stika kuna tarehe nyingine. Nikamuuliza mtoto anapewa ngapi. "Matone matano, yakiisha nguvu naongeza." Na fenobarbitali? Ameiacha wiki iliyopita, kwa sababu aliyeleta mafuta alisema yasichanganywe na "kemikali". Mtoto alikuwa ameanguka mara tatu ndani ya wiki hiyo. Dawa ya kifafa haiachwi ghafla, dada yangu. Ubongo uliozoea breki ukikatiwa breki siku moja, mtoto anaweza kudondoka asiamke. Tuliwapeleka hospitali kwa bajaji. Alipona, anarudi kila mwezi, siku hizi ananisalimia kwa jina.

Sijui kichupa kile kilikuwa na kanabidioli, mafuta ya alizeti, au vyote. Na hilo ndilo tatizo la "kituo cha mafuta" ambacho mgeni wenu anataka kukifungua. Duka la namna hiyo haliuzi dozi, linauza matumaini kwa matone. Kanabidioli halisi yenyewe ina mambo yake: inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, hasa mgonjwa akiwa anatumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, na inagongana na dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo wafarini. Vitu kama hivyo vinahitaji mtu wa kupima damu, si mtu wa kupokea malipo kwa simu.

Juu ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa kuwa shehe na mchungaji wenu lazima waliitaja. Hapa Dodoma mtu akichekeshwa kidogo anaambiwa atapelekwa Mirembe, utani umekuwepo tangu hospitali hiyo ianze mwaka 1927. Ukweli usio wa utani ni kwamba bangi yenye THC nyingi, ikivutwa kila siku, na hasa mtu akianza akiwa kijana mdogo, inaongeza hatari ya ugonjwa wa kusikia sauti na kuona watu wanakufuata. Haimpati kila mvutaji. Inawapata wa kutosha kiasi kwamba muuguzi yeyote wa wodi za akili ana hadithi zake. Viongozi wenu wa dini wanasema kweli kwenye hili. Wanapokosea ni kudhani kwamba kitu kinacholevya hakiwezi kuwa dawa, kwa maana hapohapo chini ya Mirembe, kituo cha Itega, waraibu wa heroini wanakunywa methadoni mbele ya muuguzi, na methadoni ni ndugu wa damu wa heroini. Tofauti iko kwenye kikombe, kipimo na anayesimama pembeni.

Na hilo linanileta kwa mofini, na kwa mama.

Nilipoanza kazi, katika hospitali moja ya kanda hii, nilikabidhiwa kabati la mofini. Lilikuwa kabati ndani ya kabati, kufuli mbili, funguo kwa watu wawili. Kila mililita iliyotoka iliandikwa: jina la mgonjwa, kipimo, aliyetoa, aliyeshuhudia, kilichobaki. Jioni moja hesabu ilipungua mililita tano. Kijiko kimoja cha chai. Tulikaa mpaka saa tatu usiku, mimi, muuguzi mkuu na mhudumu, tukageuza rejesta ukurasa kwa ukurasa, tukatafuta hadi kwenye ndoo ya taka. Kosa lilikuwa langu: nilijumlisha vibaya, tisa nikaisoma nne. Sijawahi kusahau. Lakini ona maana yake. Mofini inatoka kwenye afyuni, kitu chenye sifa mbaya kuliko bangi, na bado iko halali, inatengenezwa ya maji pale Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, kutokana na unga wake, na inamfikia mgonjwa wa saratani wa Tanzania kila siku. Hakuna baraza la madiwani lililoipigia kura, wala duka la mofini mtaani. Ilipita mlango wa dawa. Kama bangi ina dawa ndani yake, na kwa magonjwa machache inayo, mlango wake ni huohuo.

Sasa mama. Ile dripu inayomtapisha kwa saratani ya shingo ya kizazi mara nyingi ni sisplatini, na sisplatini ni miongoni mwa dawa zinazotapisha kuliko zote. Kutapika siku tatu maana yake kinga ya kutapika aliyopewa haikutosha au iliishia siku ya kwanza. Mwambie daktari neno hilohilo: "Anatapika hadi siku ya tatu." Kuna ondansetroni, kuna deksamethasoni inayoongezwa nayo, kuna metoklopramidi ya kwenda nayo nyumbani, na siku hizi kuna dawa nyingine zinazoongezwa juu ya hizo. Hata huko walikoidhinisha dronabinoli, ni kwa mgonjwa ambaye hizi zimeshindwa. Kwa mama yako hizi bado hazijajaribiwa vya kutosha. Asianze na mafuta ya mtu yeyote katikati ya matibabu. Ini na figo zake sasa hivi zina kazi ya kutosha.

Maumivu ya usiku usiyazoee, wala usikubali kuambiwa ni kawaida ya ugonjwa. Omba aonwe na kitengo cha tiba shufaa. Lisikutishe neno hilo. Watu wanadhani ni kwa anayekufa, kumbe ni tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso hata akiwa bado anatibiwa apone. Kipo Ocean Road, na hospitali kubwa za huku zinaweza kuendeleza ili asifunge safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya chupa. Uliza waziwazi kuhusu mofini ya maji. Duka la dawa la mtaani hutaikuta, na ukiikuta huko, ondoka.

Wakimpa, kuna mambo matatu ya kushika. Inywewe kwa saa zilizoandikwa, si kusubiri maumivu yawake ndipo umkimbizie. Siku za mwanzo atasinzia, mara nyingi usingizi huo unapungua baada ya siku mbili tatu. Akisinzia mpaka haamki ukimwita, au akipumua kwa kukatakata, ni hospitali muda huohuo. Na mofini inafunga choo kwa karibu kila mtu, kwa hiyo dai dawa ya kulainisha choo siku ileile, usisubiri siku ya tano mama akiwa ameshika tumbo. Uji wa ulezi na papai visaidie, havitoshi peke yake.

Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano walilokupa, kijiko cha nyumbani kina ukubwa wa mwenye nyumba. Chupa ikae juu kwenye kabati lenye kufuli, wajukuu wasiifikie, na wajomba pia. Ukienda kuchukua nyingine, beba kadi yake ya kliniki na chupa ya zamani hata kama imebaki vijiko viwili, umrudishie mfamasia aviandike kwenye rejesta yake.